Pete ya Rangi ya Chungwa: Je, Ile Ni Picha Kweli?

Kila mara ile picha ya mwaka 2019, ya pete ya rangi ya chungwa, inaposambazwa upya kwenye simu za watu, ubishi uleule hufufuka. Mmoja husema hiyo ni picha ya shimo jeusi. Wa pili humkatalia: shimo jeusi halitoi mwanga, mmepiga picha ya nini? Wa tatu husema imechorwa na kompyuta, ni akili mnemba tu. Wa nne huleta picha ya mwanamke kijana aliyejishika mdomo mbele ya kompyuta yake na kutangaza kwamba huyo ndiye aliyeipiga. Wa tano huruka na kudai kwamba huyo hakufanya lolote, kazi yote ilikuwa ya mwanamume fulani.

Aliyeukaribia ukweli kuliko wenzake ni yule wa tatu, na ndiye pia aliyepotea vibaya zaidi. Ni kweli pete ile ilitoka kwenye hesabu ya kompyuta. Lakini haikuchorwa, na akili mnemba haikuhusika. Ili kuona tofauti, inafaa kuanza na mwanamke huyo mwenyewe, kwa sababu elimu aliyoingia nayo katika kazi hii haikuwa ya nyota hata kidogo.

Huyo ni Katherine Bouman, ambaye wengi humwita Katie. Alizaliwa mwaka 1989 huko West Lafayette, jimbo la Indiana, Marekani, mji wa Chuo Kikuu cha Purdue ambako baba yake ni profesa wa uhandisi anayeshughulika na uchakataji wa picha. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Michigan hadi 2011, kisha akaenda MIT, akamaliza uzamili 2013 na uzamivu 2017 chini ya William Freeman, mmoja wa majina makubwa katika fani ya uono wa kompyuta.

Maneno machache kwanza. Uono wa kompyuta ni tawi la sayansi ya kompyuta linalouliza hivi: ukipewa picha au video, unaweza kujua nini kuhusu vitu halisi vilivyoizalisha? Simu inayofunguka kwa kutambua uso wako inatumia matunda ya fani hiyo. Fizikia ya anga inachunguza kanuni zinazoendesha nyota, gesi na galaksi. Shimo jeusi ni mahali ambapo uzito mkubwa mno umebanwa katika nafasi ndogo, kiasi kwamba chochote kinachovuka mpaka wake, hata mwanga, hakirudi. Mpaka huo huitwa upeo wa matukio, na ndio uliozaa jina la mradi tutakaouzungumzia: Event Horizon Telescope, kwa kifupi EHT.

Kazi za mwanzo za Bouman hazikugusa anga. Mwaka 2013, yeye na wenzake walionyesha kwamba ukirekodi video ya kitambaa kikipeperushwa na feni, kompyuta inaweza kukadiria kitambaa hicho ni kigumu kiasi gani na kina uzito gani kwa kila eneo, bila mtu kukigusa. Mwaka 2017, kundi alilokuwamo lilionyesha kwamba kona ya ukuta inaweza kutumika kama kamera: mwanga kutoka upande usioonekana hubadilisha kidogo sana kivuli kilicho sakafuni, kidogo kuliko jicho linavyoweza kugundua, na kompyuta ikiyasoma mabadiliko hayo inaweza kutambua watu wanaotembea nyuma ya kona.

Kitambaa, kona na shimo jeusi vinaonekana havina undugu. Kihesabu ni ndugu wa karibu. Katika kila kazi hapo, kile unachotaka kukijua hukioni. Unaona athari yake tu, tena iliyopunguka na kuchafuka, na unatakiwa kurudi nyuma kutoka kwenye athari hadi kwenye chanzo. Ugumu ni kwamba vyanzo vingi tofauti vinaweza kuacha athari ileile. Bouman alipoingia kwenye mradi wa EHT akiwa mwanafunzi wa uzamivu, aliingia na ujuzi huo wa kurudi nyuma, na pamoja nao hofu ya kudanganyika njiani. Kwa maoni yangu hofu hiyo ndiyo mchango mkubwa wa fani yake katika jambo hili, kuliko algoriti yoyote, yaani mpango wowote wa hatua za hesabu.

Kwa nini dunia nzima igeuke darubini

Shimo jeusi lililolengwa liko katikati ya galaksi M87, miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa. Uzito wake ni kama wa Jua letu mara bilioni 6.5. Hilo ni jitu, lakini kwa umbali ule pete yake inaonekana na upana wa maikrosekunde 42 za pembe. Duara zima lina nyuzi 360, kila nyuzi ina dakika 60, kila dakika sekunde 60, na maikrosekunde moja ni sekunde hiyo ikigawanywa mara milioni. Kitu chenye upana wa sentimita 8 kikiwekwa Mwezini kingeonekana kwa udogo huohuo.

Uwezo wa darubini kutenganisha vitu vidogo unategemea mambo mawili: urefu wa wimbi inalolipokea na upana wa darubini yenyewe. Gawanya la kwanza kwa la pili. EHT hupokea mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 1.3, ambayo hupenya gesi na vumbi vinavyozunguka shimo na pia hupenya angahewa yetu pakiwa pakavu. Kwa wimbi hilo, ili ufikie maikrosekunde 25 unahitaji darubini yenye upana wa zaidi ya kilomita 10,000. Hakuna atakayeijenga. Kinachowezekana ni kutawanya darubini ndogo duniani na kuzifanya zishirikiane.

Aprili 2017 zilitumika darubini 8 katika maeneo 6: mbili Chile, mbili Hawaii, na moja moja Arizona, Mexico, Hispania na Ncha ya Kusini. Ile ya Ncha ya Kusini haikuweza kuiona M87, kwa kuwa galaksi hiyo iko kwenye anga la kaskazini na kule haichomozi kamwe, kwa hiyo ilisaidia kwa vyanzo vingine. Kwa M87 zikabaki darubini 7 katika maeneo 5. Vipimo vilivyotumika ni vya usiku wa tarehe 5, 6, 10 na 11 Aprili.

Kila kituo kilirekodi mawimbi kwa kasi ya hadi gigabiti 32 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 4 kila sekunde. Hakuna intaneti ya mlimani inayobeba mzigo huo, basi data zilihifadhiwa kwenye diski na kusafirishwa kwa ndege. Hata diski zenyewe zilihitaji uangalifu. Diski ya kawaida ina kichwa kinachosoma kikielea juu ya tabaka jembamba la hewa, na kwenye vituo vya mita 4,000 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi mno, hivyo kichwa kinaweza kugusa sahani na kuiharibu. Ndiyo maana zilitumika diski zilizofungwa zikiwa na heliamu ndani. Diski za Ncha ya Kusini zilisubiri majira ya baridi kali yapite kabla ndege hazijaweza kuzichukua, zikafika Marekani Desemba 2017. Jumla ilikuwa kama petabaiti 5, nusu tani ya diski.

Kila rekodi ilikuwa na muhuri wa muda kutoka saa ya atomu ya hidrojeni iliyo kituoni. Bila saa hiyo hakuna mradi: kompyuta maalumu za kituo cha Haystack huko Massachusetts na za Taasisi ya Max Planck huko Bonn, Ujerumani, zinapaswa kulinganisha wimbi lililofika Chile na wimbi hilohilo lilipofika Hispania, na kosa dogo la muda linafuta kila kitu.

Jozi moja inakuambia nini hasa

Hapa ndipo maelezo mengi ya magazetini huteleza. Watu hudhani kila darubini ilipiga kipande chake cha picha, kisha vipande vikaunganishwa. Sivyo. Kipimo hutoka kwenye *jozi* ya darubini, na hakina umbo la kipande. Ni jibu la swali hili: je, picha nzima ina mistari ya mwanga na giza ya upana huu na mwelekeo huu kwa kiasi gani? Jozi zilizo mbali, kama Hawaii na Hispania, hujibu kuhusu mistari myembamba, yaani undani. Jozi za karibu hujibu kuhusu umbo pana. Jibu lenyewe lina sehemu mbili: nguvu, yaani mistari hiyo imekolea kiasi gani, na awamu, yaani imekaa wapi.

Maeneo 5 hutoa jozi 10 za mbali. Dunia inapozunguka, kila jozi huonekana kutoka M87 ikiwa na umbali na mwelekeo unaobadilika, hivyo usiku mmoja jozi moja hujibu maswali mengi yaliyopangana kwa mstari uliopinda. Hata hivyo maswali yasiyojibiwa ni mengi kuliko yaliyojibiwa.

Pengo moja lina athari ambayo watu huiuliza sana. M87 ina mkondo mkubwa wa gesi unaorushwa kutoka katikati yake, unajulikana tangu zamani, sasa mbona hauonekani kwenye picha ya 2019? Kwa sababu hapakuwa na jozi za umbali wa wastani. Kulikuwa na jozi za mita mia moja na zaidi kidogo hadi kilomita chache (darubini mbili za Hawaii, na mbili za Chile), halafu unaruka hadi jozi za maelfu ya kilomita. Mwanga uliotandazwa kwa upana wa kati ulipita katika pengo hilo. Mwaka 2023 mtandao mwingine wa darubini, unaotumia wimbi la milimita 3.5, ulitoa picha inayoonyesha pete na mkondo pamoja.

Kisha kuna angahewa. Mvuke wa maji juu ya kila kituo huchelewesha wimbi, na ucheleweshaji huo hubadilika ndani ya sekunde chache. Unapopima wimbi la milimita 1.3, ucheleweshaji kama huo unaivuruga awamu kabisa: namba uliyopata kutoka kwenye jozi moja ni sawa na namba ya kubahatisha.

Dawa yake ni hesabu ya pembetatu, na ni nzuri kiasi kwamba inastahili kuonyeshwa. Chukua vituo vitatu: Chile, Mexico na Hispania. Tuseme hewa ya Chile imeongeza kosa la nyuzi 50, ya Mexico nyuzi 20, ya Hispania nyuzi 90. Kosa la jozi ni tofauti ya makosa ya vituo vyake viwili. Jozi ya Chile na Mexico imepotoka kwa 50 kutoa 20, yaani +30. Mexico na Hispania: 20 kutoa 90, yaani −70. Hispania na Chile: 90 kutoa 50, yaani +40. Jumlisha zote tatu: 30 kutoa 70 kuongeza 40 ni sifuri. Makosa yote yamefutana, kwa sababu kila kituo kimeingia mara moja kwa kujumlisha na mara moja kwa kutoa. Kilichobaki ni jumla ya awamu tatu za kweli, safi, ingawa hewa ilikuwa chafu. Kwa nguvu za mawimbi kuna ujanja kama huo unaotumia vituo vinne.

Bei yake ni kwamba unapoteza taarifa. Kati ya awamu 10 za maeneo 5, unabaki na jumla 6 tu zinazojitegemea. Njia ambayo Bouman na wenzake waliiwasilisha mwaka 2016, iitwayo CHIRP, ilijengwa ili kutafuta picha moja kwa moja kutoka kwenye jumla hizo za pembetatu badala ya kuhangaika kwanza kusafisha kila jozi.

Kanga au kitenge?

Tumebaki na vipimo vichache, na picha zinazoweza kuvitosheleza vipimo hivyo hazina idadi. Nyingi ni takataka: vumbi la nukta nyeupe na nyeusi lisilo na maana, lakini linaloafikiana na kila namba iliyopimwa. Kompyuta itachagua vipi?

Tuseme mtu amekuletea vitambaa ishirini vidogo kama kucha, vyote vimekatwa kutoka nguo moja, anataka umwambie nguo nzima ilikuwaje. Kama umekulia kwenye kanga utajaza bila kusita: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji. Utapata nguo ya kupendeza na vipande vyote vitakaa mahali pake. Shida ni pale nguo ilipokuwa kitenge, ambacho hakina pindo la kuzunguka wala jina. Wewe umemrudishia kanga, na hujui kama umekosea. Basi kabla ya kukuamini, mtu mwenye akili angekuletea vipande vya nguo anazozijua yeye, vingine vya kanga, vingine vya kitenge, vingine vya shuka, bila kukuambia kipi ni kipi. Ukirudisha kanga kila mara, kazi yako haina thamani hata siku ile nguo inapokuwa kanga kweli.

Kujaza pengo kwa mazoea kunaitwa kuwa na matarajio ya awali, na hakukwepeki. Kila programu ya kutengeneza picha inayo. Matarajio yanaweza kuwa ya kawaida kabisa: mwanga hauwi hasi, nukta zilizo jirani hufanana, sehemu kubwa ya anga ni tupu. Katika CHIRP, Bouman alitumia vipande vidogo vya picha kufundisha kompyuta jinsi maeneo madogo ya picha huwa yanaonekana, kisha akajaribu kubadilisha chanzo cha vipande: vya picha za anga, vya mifano ya mashimo meusi, hata vya picha za kila siku za watu na mandhari. Matokeo ya kila chanzo yalipofanana, hiyo ilikuwa dalili kwamba umbo linatoka kwenye vipimo na si kwenye mazoea.

Data halisi za M87 zilipokuwa tayari, katikati ya 2018, timu ya picha iligawanywa makundi manne yaliyokatazwa kuzungumza kuhusu matokeo yao. Mawili yalitumia njia mpya, ambamo kompyuta hubuni picha, hukokotoa darubini zingepima nini kama picha hiyo ingekuwa kweli, hulinganisha na kilichopimwa, kisha hurekebisha na kurudia. Mengine mawili yaliegemea njia kongwe iitwayo CLEAN, iliyobuniwa na Jan Högbom mwaka 1974. Baada ya wiki saba wakakutana Cambridge, Massachusetts, na kuonyeshana. Yote manne yalikuwa na pete, na yote manne yalikuwa na upande wa kusini uliong'aa zaidi.

Wengi wangesherehekea na kuchapisha hapohapo. Wao hawakutosheka, na walikuwa sahihi: watu wanne waliozoea kanga wanaweza wote kurudisha kanga. Hatua iliyofuata ilimwondoa binadamu kwenye uchaguzi. Zilitengenezwa data za mfano kutoka maumbo manne yanayojulikana: pete, mwezi mwandamo, sahani iliyojaa bila tundu, na madoa mawili. Data hizo zilichafuliwa kwa kelele na makosa ya angahewa kama yale ya kweli, zikiwa na mapengo yaleyale. Kisha programu tatu zikapewa mazoezi kwa kubadilisha vigezo vyake kila namna: eht-imaging kwa michanganyiko 37,500, SMILI kwa 10,800, na DIFMAP, inayotumia CLEAN, kwa 1,008.

Mchanganyiko wa vigezo ulifaulu tu kama uliweza kuyarudisha maumbo yote manne na pia kuafikiana na vipimo halisi. Uliogeuza sahani kuwa pete ulitupwa. Michanganyiko iliyonusurika kwa data za tarehe 11 Aprili ilikuwa 1,572 ya eht-imaging, 529 ya SMILI na 30 ya DIFMAP. Ikatumika hiyo kwa M87, na pete ikatoka tena.

Picha iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019 katika miji sita kwa wakati mmoja ni wastani wa picha tatu, moja kwa kila programu. Kabla ya kuchukua wastani huo, kila moja ilitiwa ukungu kwa makusudi ili isionyeshe undani ambao vipimo havikuweza kuuthibitisha. Kwa hiyo wanaolalamika kwamba picha ina ukungu wanalalamikia uaminifu wake.

Tuwarudie wabishi

Kwamba shimo jeusi haliwezi kupigwa picha: kweli, shimo lenyewe haliangazi. Kinachoangaza ni gesi ya moto inayolizunguka. Sehemu nyeusi ya katikati ni kivuli, na ni kipana zaidi ya upeo wa matukio, takriban mara 2.6, kwa sababu mvutano huupinda mwanga unaopita karibu. Upande wa kusini unang'aa zaidi kwa kuwa gesi ya huko inakuja kuelekea kwetu kwa kasi inayokaribia ya mwanga.

Rangi ya chungwa ni uamuzi wa binadamu. Mawimbi ya redio hayana rangi kwa jicho. Palipo na mawimbi yenye nguvu zaidi pamepewa rangi angavu, palipo hafifu pakapewa giza. Wangeamua kutumia kijani, ingekuwa kijani na isingepungukiwa kitu.

Kuhusu akili mnemba, programu tatu za 2019 hazikufundishwa kwa picha za mashimo meusi. Mfumo uliofundishwa hivyo ulikuja baadaye: mwaka 2023 kundi jingine lilitoa PRIMO, uliojifunza kutoka mifano zaidi ya 30,000 ya kompyuta na kutoa pete nyembamba zaidi kutoka data zilezile za 2017. Ile pete kali mnayoiona ikisambazwa kama "picha mpya" ndiyo hiyo. Ni kazi halali, ila msomaji akumbuke kwamba matarajio yake ya awali ni mazito kuliko ya 2019.

Na suala la nani alifanya. Siku ya tangazo, magazeti mengi yaliandika kwamba algoriti ya Bouman ndiyo iliyotoa picha. Haikuwa hivyo, CHIRP haimo katika zile programu tatu. Mchango wake mwaka 2018 ulikuwa katika kuratibu kazi ya picha na kujenga majaribio ya kuzihakiki, na yeye mwenyewe aliandika mapema kwamba hakuna mtu mmoja wala algoriti moja iliyoitengeneza. Kisha upepo ukageuka: watu mtandaoni wakadai kwamba Andrew Chael, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Harvard, aliandika mistari 850,000 kati ya 900,000 ya programu ya eht-imaging, hivyo sifa ni zake. Chael aliwajibu hadharani: programu ina mistari kama 68,000, hajali ni mingapi kati yake aliiandika yeye, na mashambulizi dhidi ya mwenzake ni ya kibaguzi. Tuzo ya Breakthrough ya dola milioni 3 iliyotolewa kwa kazi hiyo ilikwenda kwa wanasayansi 347, mgao sawa. Miongoni mwa waliohusika na EHT yumo Roger Deane wa Afrika Kusini, aliyeshughulika na programu za kuiga jinsi angahewa na mitambo inavyochafua data.

Shimo linalobadilika likipimwa

Shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, lilipimwa siku hizohizo za Aprili 2017, lakini picha yake ilitoka 12 Mei 2022. Miaka mitatu ya ziada haikuwa uvivu. Shimo hili lina uzito wa Jua mara milioni 4 tu, hivyo gesi hulizunguka kwa dakika, wakati ile ya M87 huchukua siku hadi wiki. Kipimo kinahitaji saa kadhaa za mzunguko wa dunia. Pembetatu ya saa mbili usiku na ya saa nne usiku zinapima maumbo mawili tofauti, na programu inayodhani umbo ni moja itachanganyikiwa.

Zilitengenezwa maelfu ya picha zinazoafikiana na vipimo, zikapangwa katika mafungu manne. Matatu yalikuwa pete zenye madoa angavu sehemu tofauti, la nne dogo halikuwa na pete. Yote manne yalichapishwa pembeni ya picha kuu, likiwemo lile lisilopendeza. Watu hulitazama duara kubwa na kuyaruka yale manne madogo, na hilo ni kosa: madoa matatu angavu kwenye pete ya Sagittarius A* si ya kutegemea, upana wa pete, maikrosekunde 52 hivi, ndio wa kutegemea.

Bouman, ambaye tangu 2019 anafundisha Caltech, aliliendeleza tatizo hilo la mwendo pamoja na Aviad Levis, Chael na wenzao. Mwaka 2024 walichapisha umbo la pande tatu la mlipuko wa gesi kuzunguka Sagittarius A*, kutoka vipimo vya ALMA peke yake, moja ya zile darubini mbili za Chile, vya tarehe 11 Aprili 2017. ALMA haiwezi kuona umbo lolote pale. Inaona nukta moja ambayo nguvu yake na mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi yake hubadilika kwa muda. Njia waliyotumia imetoka moja kwa moja kwenye uono wa kompyuta, ambako ilibuniwa ili kupata umbo la pande tatu kutoka picha kadhaa za kitu kimoja. Wao waliongeza kupinda kwa mwanga karibu na shimo na mzunguko wa gesi. Hapo mtandao wa neva, aina ya hesabu inayotumiwa na akili mnemba, umo, lakini haukufundishwa kwa picha za awali: unatumika kama chombo cha kushikilia umbo linalotafutwa.

Dawa nyingine ya mapengo ni vituo zaidi. Greenland iliongezwa 2018, na picha ya M87 ya mwaka huo, iliyotoka Januari 2024, ina pete ya upana uleule huku sehemu angavu ikiwa imesogea kwa takriban nyuzi 30. Afrika haina kituo cha EHT bado. Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi na Chuo Kikuu cha Namibia vina mpango wa kuweka darubini ya milimita nchini Namibia, ambayo ingeunda jozi na Hispania, Chile na Ncha ya Kusini mahali ambapo leo hapana kitu.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuhakikisha badala ya kubishana, data zilizosafishwa za M87 ziko wazi, na baada ya kuchakatwa ni faili ndogo zinazofunguka kwenye kompyuta ya kawaida. Programu ya eht-imaging ni ya bure na inatumia lugha ya kompyuta iitwayo Python. Pakia faili la siku moja, weka eneo la maikrosekunde 128 lenye pikseli 64 kwa 64, anza na doa la mviringo lenye upana wa maikrosekunde 40, kisha iache programu irekebishe. Ukiweka eneo dogo mno, mwanga utalazimishwa kubanwa ndani na pete itaharibika. Halafu fanya jaribio moja zaidi: zizime zile jumla za awamu za pembetatu, uache nguvu za mawimbi pekee. Hapo programu haitaweza tena kutofautisha picha na picha hiyohiyo iliyogeuzwa juu chini kwa nyuzi 180, na haitakuambia kama upande unaong'aa uko kusini au kaskazini.